Sekunde 25.7 za Sochi: miguu ya Charlotte Kalla au skii zake?

Tarehe 15 Februari 2014, katika Olimpiki ya Sochi, Msweden Charlotte Kalla alipokea zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana za wanawake za kuteleza thelujini kwa skii, zile mbao ndefu nyembamba zinazofungwa miguuni, akiwa sekunde 25.7 nyuma ya vinara. Zilibaki kilomita 5. Ilimpasa apunguze zaidi ya sekunde 5 katika kila kilomita. Aliwafikia Wafini na Wajerumani, akawapita mwishoni na kushinda kwa nusu sekunde. Uswidi haikuwa imepata dhahabu hiyo tangu 1960.

Wapo wanaosema dhahabu ile ilitoka katika chumba cha nta, mahali mafundi wanapoandaa skii, na hoja yao si nyepesi. Theluji ya Sochi ililowa kwa joto. Theluji ikilowa, maji hutanda kama utando chini ya skii na kuinata, mteleza anasukuma lakini haendi. Dawa yake ni kuchonga mifereji myembamba chini ya skii ili maji yapate njia, kisha kupaka nta inayoyafukuza. Norwei walikosea siku ile: nyota wao Marit Bjørgen, aliyemshinda Kalla kwa sekunde 1.8 juma moja tu kabla, alimaliza wa tano na wenzake. Kesho yake wanaume wa Uswidi nao wakatwaa dhahabu ya kupokezana. Haya hayawezi kuwa sadfa tupu.

Lakini skii nzuri zilikuwa za timu nzima. Anna Haag aliteleza zamu ya tatu kwa mtindo huru uleule, wa kusukuma skii pembeni kama mtu anayeteleza kwenye barafu, juu ya theluji ileile, akihudumiwa na mafundi walewale, na bado pengo lilikuwepo alipomgusa Kalla. Ni kweli kwamba kila mteleza huchaguliwa jozi yake kwa uzito na msukumo wake, na jozi mbili hazifanani kabisa. Hata hivyo, tofauti hiyo peke yake haielezi sekunde 25. Nta ilimwezesha kufukuza. Kufukuza kwenyewe kulikuwa kwa mapafu yake.

Ushahidi mzito zaidi uko nje ya Sochi. Binti huyu wa Tärendö, kijiji cha kaskazini kabisa mwa Uswidi, alishinda kilomita 10 mtindo huru Vancouver 2010. Mwaka 2018, kwenye baridi kali ya PyeongChang, alishinda kilomita 15 za mitindo miwili, akimwacha Bjørgen kwa sekunde 7.8. Hiyo ni theluji ya aina nyingine na nta nyingine. Na wanaodai aliweza mtindo huru pekee wanasahau fedha yake ya kilomita 10 palepale Sochi, kwa mtindo wa jadi, ambao skii huenda sambamba na lazima ishike mlimani kabla ya kuteleza.

Pale wakosoaji wanapokuwa na haki ni kwingine. Alistaafu 2022 akiwa na medali 9 za Olimpiki, dhahabu 3 na fedha 6, lakini hakuwahi kutwaa Kombe la Dunia la jumla la msimu. Kombe hilo huhesabu pia pointi za mbio fupi, na yeye hakuwa mtu wa mbio fupi. Ushindi wake mkubwa wa mashindano ya siku nyingi ni Tour de Ski ya Januari 2008, alipompita Mfini Virpi Kuitunen kwenye mlima wa Alpe Cermis, akiwa na miaka 20.