Kiingilio Kimeshalipwa, Tulia

Nina neno na wazazi wenzangu wanaopanga kuwapeleka watoto kwenye bustani ya burudani wikendi hii au ijayo: msiende kurudisha hela. Hela ya kiingilio hairudi. Hata mpande kila kinachopandwa humo ndani, kuanzia farasi wa kuzunguka hadi ile treni inayopinduka kichwa chini, salio lenu litabaki vilevile lilivyokuwa mlipopita getini. Mtakachoambulia ni mama aliyenuna, baba anayemfokea mtoto wa miaka minne kwa kosa la kusinzia, na picha ambazo kila mtu anatabasamu kwa kulazimishwa.

Safari ya wikendi ina ugonjwa wake. Mwenye likizo ya wiki nzima, siku moja ikimharibikia anasema kesho ipo. Ya wikendi haina kesho: Jumamosi mnaingia, Jumapili mnafungasha, Jumatatu shule na kazi. Ndiyo maana watu huingia wakiwa na sura za wanaokimbilia basi la mwisho. Mzazi mmoja yuko hatua kumi mbele, macho kwenye simu, anatafuta foleni fupi. Mwingine yuko nyuma, anamvuta mkono mtoto aliyesimama kumtazama njiwa. Njiwa anapatikana popote, ni kweli, lakini mtoto hajui hilo, na kwake yeye hapo ndipo bustani ilipoanzia.

Haraka hii ina historia. Disneyland ilipofunguliwa California mwezi Julai 1955, mgeni alilipa getini, kisha akalipia kila mchezo kivyake. Miezi michache baadaye vikaja vijitabu vya tiketi zilizopangwa kwa herufi. A ilikuwa ya vitu vidogo vidogo, na kadiri herufi zilivyosonga ndivyo mchezo ulivyozidi kuwa mkubwa. Mwaka 1959 ikaongezwa E, ya ile michezo ambayo kila mtu alikuja kwa ajili yake. Kijitabu kilikuwa na tiketi za kuhesabika, kwa hiyo familia ililazimika kukaa kitako na kuulizana: E zetu tunazitumia wapi? Utaratibu huo uliachwa mwaka 1982. Siku hizi bustani nyingi kubwa hutoza bei moja ya kutwa, ukishaingia unapanda utakavyo. Zipo ambazo hazijafika huko. Tivoli ya Copenhagen, iliyofunguliwa tangu 1843, bado inakuruhusu ulipe kuingia tu, utembee, ukae, usikilize muziki, na michezo uilipie ukitaka.

Kupanda utakavyo kunasikika kuwa ukarimu, na kwa mtoto ni ukarimu kweli. Kwa mtu mzima mwenye mahesabu kichwani ni mtego. Tiketi ya kutwa humfanya aone kila dakika asiyopanda kitu ni hela inayovuja. Akikaa kwenye benchi anahisi anaibiwa. Mtoto akitaka kwenda chooni, hasara. Akitaka kurudia mchezo uleule, hasara kubwa zaidi, maana kuna michezo kumi na kitu haijaguswa.

Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, Hal Arkes na Catherine Blumer, waliwauliza watu swali linalonijia kila nikifika getini. Tuseme umeshanunua safari mbili za wikendi za kuteleza kwenye theluji, moja kwa dola 100 na nyingine kwa dola 50. Ile ya dola 50 unaamini utaifurahia zaidi. Ghafla unagundua zote ni wikendi ileile, na tiketi hazirudishwi. Utakwenda ipi? Zaidi ya nusu walichagua ya dola 100. Yaani mtu yuko tayari kuacha raha anayoitarajia ili tu aheshimu hela ambayo, aende asiende, imeshakwenda.

Basi ushauri wangu ni kurudisha kile kijitabu, hata kama ni cha kichwani. Kabla ya kuondoka nyumbani, kila mtu achague mchezo mmoja ambao asipoupanda atajiona hakwenda. Mmoja tu, na wazazi wamo. Familia ya watu wanne ina michezo minne. Hiyo ndiyo safari, mingine yote ni nyongeza. Kwetu binti alichagua rolakosta, ile treni ya milima na miteremko, na alikuwa akijipima ukutani kwa wiki kadhaa akiingojea. Mdogo wake akachagua kijitreni kinachoizunguka bustani kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo. Mama yao alitaka gurudumu kubwa, lile linalokupandisha hadi uione bustani yote chini. Mimi nilichagua benchi lenye kivuli, nikaambiwa halihesabiki.

Huko kujipima ukutani msikudharau. Kila mchezo mkubwa una alama ya urefu langoni, na alama zinazokutwa sana ni sentimita 102 na sentimita 122. Bustani huzitangaza mapema, kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto kusimama foleni hadi mwisho ndipo aambiwe hafiki. Kilio cha pale hakina dawa. Na tafadhali, tuache kuwafundisha watoto kusimama kwa ncha za vidole au kuwajazia soksi viatuni. Ile nondo inayoshuka mapajani imetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mhudumu anayemkataza mwanao anajua jambo ambalo wewe hulifikirii kwa wakati huo. Wenye mtoto mkubwa na mdogo waulize kuhusu zamu ya wazazi: bustani nyingi humruhusu mmoja apande huku mwenzake akibaki na mdogo, kisha wabadilishane bila huyu wa pili kuanza foleni upya. Uzuri wake ni kwamba yule mtoto mkubwa mara nyingi anapanda mara mbili.

Tuje kwenye foleni, maana huko ndiko mtakakoshinda. Rolakosta nyingi hazizidi dakika mbili au tatu, na siku ya Jumamosi unaweza kuzisubiri kwa saa nzima. Ukiifanya hesabu hiyo kwa ukali, mmelipa ili kusimama. David Maister, mtaalamu wa mambo ya biashara na huduma, aliandika mwaka 1985 kuhusu namna watu wanavyouhisi muda wa kungoja, na wenye bustani wanayafahamu maneno yake fika. Muda wa kukaa bure huonekana mrefu kuliko wenye shughuli. Kungoja usikojua kutaisha lini huchosha kuliko kunakojulikana. Na hakuna kunakouma kama kungoja huku ukiona wengine wanapitishwa. Ndiyo maana foleni hupindishwapindishwa usiuone urefu wake wote, kuta zake hupambwa, na langoni huwekwa kibao cha dakika.

Hilo la wengine kupitishwa linanikera, niseme wazi. Mwaka 1999 Disney walianzisha utaratibu wa kuchukua karatasi yenye saa yako, ukaenda kufanya mengine, ukarudi muda ukifika. Ulikuwa wa bure kwa kila aliyeingia. Mwaka 2021 wakaweka mahali pake huduma ya kulipia. Bustani nyingine nyingi nazo zina njia yao ya wenye haraka, kwa bei ya ziada juu ya kiingilio. Mtoto wa miaka saba ataiona tu. Atauliza: "Baba, mbona wale wanapita?" Mimi nilijibu kwamba wamelipa zaidi. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kama wao treni yao inakwenda mbali zaidi. Nikamwambia ni ileile. Akaridhika, mimi nikabaki na hasira zangu.

Sisemi njia hiyo haina wa kumfaa. Mkiwa na bibi au babu asiyeweza kusimama sana, au mjamzito anayewasindikiza, uliza kwanza bustani ina msaada gani, na ikibidi lipa. Ila kuinunua kwa hofu ya kutomaliza michezo ni kumwaga mafuta kwenye moto uleule. Ukishalipa ziada, utataka na hiyo irudi. Wenye michezo minne tu hawaihitaji: wawahi mlango unapofunguliwa, waende moja kwa moja kwenye ule wenye foleni ndefu kuliko yote, na kabla jua halijawa kali tayari wameshamaliza kazi ngumu.

Halafu kuna jambo ambalo silisikii likisemwa. Foleni ni mahali pa nadra ambapo mtoto hana pa kwenda nawe huna pa kwenda. Simu ikibaki mfukoni (ibaki, hata kama ni kwa kuogopa chaji kuisha), mtazungumza. Binti yangu tulipokaribia mbele alianza kuogopa. Kilichomtisha ni ule mlio wa treni inapopanda mlima wa kwanza, ta-ta-ta-ta, akidhani kuna kitu kinavunjika. Nikamweleza kwamba mlio ule ndio ulinzi wenyewe. Mnyororo unaivuta treni juu, na chini ya behewa kuna ulimi wa chuma unaoruka jino moja baada ya jingine kwenye reli yenye meno. Mnyororo ukikatika, ule ulimi unanasa kwenye jino uliloliruka mwisho na treni haiwezi kuporomoka kurudi nyuma. Akasikiliza upya. Akaanza kuyahesabu yale meno.

Tukaendelea. Kwa nini mlima wa kwanza ndio mrefu kuliko yote? Kwa sababu treni ya aina hii haina injini. Ikishafikishwa kileleni inajitegemea kwa uzito wake, na kila inapokwenda msuguano na upepo vinaipunguzia nguvu, kwa hiyo haiwezi tena kupanda hadi pale ilipoanzia. Na kwa nini haichomoki relini? Nikamwonyesha kwa vidole: magurudumu mengine yako juu ya reli, mengine ubavuni, mengine chini yake, reli imekumbatiwa pande tatu. Hayo ya chini yalipewa hataza mwaka 1919 na mhandisi Mmarekani aitwaye John Miller, na ndiyo yaliyowezesha milima kuwa mirefu na miteremko kuwa mikali. Sikumtajia mwaka, asingejali. Alichojali ni kwamba kuna magurudumu chini.

Alishuka nywele zimesimama, hasemi kitu. Kisha akasema: "Tena."

Na hapa ndipo yule mhasibu wa ndani anapoinua kichwa. Tena? Wakati kuna ule wa maji, na ule wa giza, na ule mpya? Watu wazima tunataka orodha, watoto wanataka kurudia. Mara ya kwanza mtoto anaogopa, ya pili anaangalia, na ya tatu ndipo anainua mikono. Ukimkokota kwenye mchezo mpya kila saa unamrudisha kwenye kuogopa kila saa. Mdogo wake alikipanda kile kijitreni hadi dereva akawa anamsalimia, na kwa maoni yangu hakuna aliyeifaidi tiketi yake kuliko yeye.

Chakula cha ndani sina mengi ya kusema, kuleni kabla ya saa sita au baada ya saa nane, basi. Maduka ya zawadi mnajua wenyewe kwa nini yamewekwa pale mchezo unapoishia.

La kuondoka ndilo gumu. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaambia watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi, nyuzi 14, kwa sekunde 60. Mara nyingine ilikuwa sekunde 60 zilezile, kisha sekunde 30 za ziada huku maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa ipi irudiwe, wengi walitaka ile ndefu, iliyokuwa na baridi nyingi zaidi kwa jumla, kwa kuwa iliisha vizuri kidogo. Siku ya bustani nayo hukumbukwa kwa kilele chake na mwisho wake. Mkibaki hadi mtoto anabebwa analia, kilio hicho kitavifunika vya asubuhi vyote. Ondokeni miguu ikiwa bado ina nguvu, mara tu baada ya kitu kizuri.

Jumapili msirudi. Tiketi ya siku mbili huuzwa kwa kishawishi kwamba siku ya pili ni rahisi, na ni rahisi kweli kwa anayelala pale wiki nzima. Wa wikendi atairudia ile haraka ya Jumamosi akiwa amechoka zaidi, na barabara ya kurudi inamngoja. Jumapili yetu ilikwisha kwenye lifti ya hoteli, watoto wakigombania kubonyeza namba. Njiani waliizungumzia lifti karibu sawa na rolakosta. Hakuna aliyeilipia.

Najua kuna watakaosema wao wanatoka mbali mno, hawajui kama watakuja tena, na kuniona nawashauri watoke mapema ni dharau. Basi tokeni bila kuaga. Bustani nyingi hugonga muhuri mkononi au huisoma tena tiketi yako ukitaka kurudi siku hiyohiyo, ulizeni tu getini. Nendeni mkalale, mkaoge, mrudi jua likishatua. Foleni za michezo ya watoto wadogo huwa zimepungua saa hizo, kwa sababu wenye watoto wadogo wengine wameshaondoka wakigombana.