Dawa ya kufunga tumbo na ile bahasha ya kaki

Ingia kemisti yoyote ya Nairobi jioni, iwe Umoja, Kawangware au pale barabara ya Tom Mboya, useme, "Daktari, nisaidie na ya kufunga tumbo." Mara nyingi hutaulizwa lolote. Mkasi utatoka, vidonge sita vitakatwa kwenye ukanda wake, vitatiwa ndani ya bahasha ndogo ya kaki, na juu yake itaandikwa kwa kalamu: 2x3, yaani viwili mara tatu kwa siku. Unalipa kwa M-Pesa, unakimbilia matatu. Yule uliyemwita daktari huenda ni mfamasia aliyesomea kazi yake, huenda ni binamu wa mwenye duka aliyeachiwa zamu. Sote humwita daktari.

Dawa yenyewe mara nyingi ni loperamaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Imodium. Sina ugomvi nayo. Nalisema hili mapema kwa sababu najua wapo wataalamu wa afya ambao wakisikia imetajwa huanza kutikisa kichwa: kuhara ni mwili unajisafisha, acha utoke, utapona. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini ni rahisi kusema hivyo ukiwa choo chako kiko hatua tatu kutoka kitandani. Mukuru na Mathare kuna choo kimoja kinachotumiwa na ploti nzima, au kile cha kulipia, shilingi 5 au 10 kila unapoingia, na usiku kinafungwa au njia ya kukifikia haipitiki kwa usalama. Mtu anayeendesha mara nane kwa siku anahesabu pesa ya unga inavyoishia chooni. Kuna makanga, kuna mlinzi wa zamu ya usiku, kuna keshia wa supamaketi ambaye akiomba kutoka mara ya tatu msimamizi anaanza kumtazama vibaya. Na basi la usiku la kwenda Kisumu halisimami kwa ajili ya tumbo la abiria mmoja.

Kwa hiyo mtu mzima ambaye anahara maji tu, hana homa, hana damu kwenye choo, akimeza loperamaidi siku moja au mbili ili afike kazini au nyumbani kwao, mimi simlaumu. Dawa ilitengenezwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Ugomvi wangu ni na bahasha. Kwanza hiyo 2x3. Maandishi hayo yanafaa dawa ya kumezwa kwa saa maalumu, ugonjwa upungue usipungue. Loperamaidi haimezwi hivyo. Mtu mzima huanza na vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja kila baada ya choo kingine cha majimaji. Choo kikishika, anaacha, hata kama vingine vimebaki. Anayefuata 2x3 kwa utiifu atameza vidonge sita, yaani miligramu 12 kwa siku, hata kama tumbo lilitulia tangu saa nne asubuhi. Marekani, anayejinunulia bila cheti cha daktari huelekezwa asivuke miligramu 8 kwa siku, na asiendelee zaidi ya siku mbili. Miligramu 16 ni kiwango cha juu kabisa cha mgonjwa aliye chini ya macho ya daktari. Huyu mtiifu wetu kesho yake atarudi kwenye kemisti ileile kuomba ya kufungua.

Halafu kuna huo mkasi. Ukanda ukikatwa, jina la dawa hubaki kwenye kipande kingine, tarehe ya mwisho wa matumizi pia, na ile karatasi ya maelezo inabaki ndani ya boksi juu ya rafu. Mgonjwa akizidiwa usiku na kufikishwa hospitali, akiulizwa amemeza nini, jibu ni "vile vya rangi mbili." Najua kwa nini tunanunua vipande: boksi zima ni pesa, na njaa haijui karatasi ya maelezo. Lakini muuzaji angeweza kuandika jina la dawa pale alipoandika 2x3. Wino ni uleule.

Inafaa kujua dawa hii inafanya nini, kwa sababu ukijua, makatazo yake yanajieleza yenyewe. Ilitengenezwa mwaka 1969 katika maabara za Janssen nchini Ubelgiji, na ukoo wake ni wa afyuni, ndugu yake mofini. Tofauti ni kwamba kwa kipimo cha kawaida haipenyi kuingia kwenye ubongo, hivyo hailevyi. Kazi yake inaishia kwenye mishipa ya fahamu ya ukuta wa utumbo. Inapunguza ile mikazo inayosukuma vilivyomo kwenda chini, na maji yanapata muda wa kufyonzwa na mwili. Basi. Haiui kijidudu chochote. Ukila kachumbari iliyooshwa kwa maji ya mtungi usiojulikana ulikotoka, loperamaidi haitamgusa mdudu uliyemla. Itampunguzia tu mwendo wa kutoka.

Sasa fikiria mdudu mwenyewe ni yule anayechubua ukuta wa utumbo na kuleta damu, pamoja na homa kali. Huyo hutaki kumfungia ndani. Choo chenye damu, homa ya kupanda, tumbo lililovimba na kuwa gumu, au kuhara kulikoanza wakati au baada ya kumeza antibiotiki: hapo dawa ya kufunga iwekwe kando, na safari iwe ya kituo cha afya.

Na kipindupindu. Nairobi tunakijua. Kilitutembelea mwaka 2015, kikarudi 2017, kikaingia tena mwishoni mwa 2022 na kuendelea 2023, na hakikuchagua mtaa wa mabanda peke yake. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Ukimpa dawa ya kupunguza mwendo wa utumbo, maji yanaendelea kumwagika kutoka mwilini kuingia utumboni, isipokuwa sasa hayaonekani. Kitanda kikavu, ndugu wanashukuru, na mtu anakauka mbele yao.

Kwa watoto sina nafasi ya kujadiliana. Mwaka 1990 matone ya loperamaidi yaliyokuwa yakiuzwa kwa ajili ya watoto yaliondolewa sokoni baada ya watoto wachanga nchini Pakistan kufariki. Matumbo yao yalipooza, yakaacha kusukuma kabisa. Shirika la Afya Duniani linakataza dawa za aina hii kwa watoto wadogo wanaohara. Hata hivyo bado utamsikia mama akisema mtoto alipewa nusu kidonge, kimesagwa na kukorogwa ndani ya uji. Nusu ya kidonge cha mtu mzima si kipimo cha mtoto wa miezi tisa. Si kipimo cha yeyote.

Naomba nikae hapa kidogo, maana nadhani mambo yanapoharibikia ni hapa. Kinachomuua mtoto anayehara mara nyingi si choo. Ni maji na chumvi vinavyotoka na choo. Tiba ya hilo tunayo, ni ya bei ndogo, na inadharauliwa: ORS, ile poda ya chumvi na sukari ya kukoroga kwenye maji. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa na maji ya kutundika mishipani katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, kipindupindu kikiwa kimepamba moto. Akaamua kukoroga chumvi na sukari ndani ya mapipa ya maji na kuwaacha jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba utumbo, hata ukiwa mgonjwa, bado unaweza kupokea chumvi ikiandamana na sukari, na vikipita pamoja vinavuta maji.

Mbona basi mama wa Dandora akipewa ORS anaona amepewa maji ya bure? Kwa sababu ORS haifungi. Mtoto anainywa na anaendelea kuhara, pengine siku mbili tatu zaidi, huku mama akiamini dawa imeshindwa. Sisi tunahukumu dawa ya tumbo kwa kutazama choo. Ilibidi tutazame ulimi kama una mate, macho kama yameingia ndani, machozi kama yanatoka mtoto akilia, nepi kama ina mkojo. Loperamaidi inashinda hukumu ya chooni kila siku ya Mungu. ORS inashinda ile hukumu nyingine, ila hakuna anayemweleza mama kwamba hiyo ndiyo yenye maana. Muuzaji akitumia nusu dakika kusema, "Mama, hii haitafunga, hii inazuia mtoto asikauke, usiache kumpa," nadhani paketi nyingi zisingetupwa zikiwa zimenyweka nusu.

Pamoja na ORS kuna zinki. Mtoto wa zaidi ya miezi sita hupewa miligramu 20 kwa siku, mdogo zaidi 10, kwa siku 10 hadi 14. Zinki hufupisha kuhara kwenyewe na kumkinga mtoto asirudiwe upesi, kwa hiyo yule mama anayetaka kuona kitu kinapungua ana haki ya kuipata. Mara nyingi vinauzwa pamoja katika pakiti moja. Ukipewa ORS peke yake, ulizia. Wengi huacha zinki siku ya tatu mtoto akichangamka. Ziendelee hadi siku zitimie. Kunyonya kuendelee pia, na uji, na chakula cha kawaida.

Kukoroga nako kuna mambo yake. Soma paketi: nyingine ni za lita moja, nyingine za nusu lita. Chupa ya soda ya nusu lita iliyooshwa vizuri ndiyo kipimo cha haraka katika nyumba nyingi. Usimimine paketi nzima kwenye glasi moja eti iwe na nguvu. Chumvi ikizidi ni hatari kubwa kwa mtoto. Maji yawe yamechemshwa au kutiwa dawa, na kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Paketi ikikosekana kabisa usiku wa manane, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vilivyosawazishwa, vitasaidia hadi asubuhi. Mtoto akitapika, ngoja dakika kumi, uanze tena kijiko kwa kijiko. Soda na juisi za dukani hazichukui nafasi yake. Sukari yake ni nyingi mno na inavuta maji zaidi utumboni. Strungi pia, pole, haina chumvi.

(Flagyl nayo? Inafaa vimelea kama amiba na jiadia. Kuhara kwingi kwa watoto kunatokana na virusi, ambavyo Flagyl haina habari navyo. Inastahili makala yake.)

Kuna kundi moja ambalo hutajwa mara chache. Walio kwenye ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, zenye ritonavir, ambayo Kenya huwa ndani ya baadhi ya dawa za mstari wa pili, yaani zinazotolewa zile za kwanza zikishindwa, wanaweza kuharishwa na dawa hizohizo, hasa zile za lopinavir. Ni kawaida waende kutafuta loperamaidi. Ritonavir huweza kupandisha kiasi cha loperamaidi kwenye damu. Baadhi ya dawa za fangasi za kumeza, kama itrakonazoli, hufanya vivyo hivyo, na wenye matatizo ya mapigo ya moyo wana sababu zao za kuwa waangalifu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba loperamaidi kwa wingi mno huvuruga mapigo ya moyo hata kuua. Wengi wa walioathirika walikuwa wamemeza rundo ili walewe au wapunguze arosto. Vidonge viwili si rundo. Lakini mtu aliye kwenye ARV aseme anachomeza, na kwa kuwa hawezi kulisema hilo kwa sauti kwenye kaunta yenye foleni, simu ya kliniki yake ndiyo mahali pa kuuliza.

Ninachotaka kutoka kwenye kaunta si kikubwa. Dawa ni ya nani, mtu mzima au mtoto? Kuna damu au homa? Kuna dawa nyingine unayotumia? Kisha jina la dawa liandikwe kwenye bahasha, na badala ya 2x3 iandikwe "viwili sasa, kimoja kila ukihara, visizidi vinne kwa siku," na paketi moja ya ORS iwekwe pembeni hata kwa mtu mzima, kwa maana naye anakauka. Wewe mnunuzi ukiona mkasi umeshikwa, omba kwanza kuuona ukanda mzima, usome jina na tarehe. Mwenye duka akinuna, vuka barabara. Katika jiji hili kemisti ya pili haijawahi kuwa mbali.