Maji Moto Ndani ya Kofia

Mdudu ana sifa moja ambayo bwana harusi hana: hakwambii umpunguze kitambi. Mimi riziki yangu ni picha za harusi, Unguja mjini, na Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, ukiingia sina usiku wala mchana. Nimepunguza vitambi, nimefuta chunusi, na kuna shemeji mmoja nilitakiwa nimfute mzima mzima kwenye albamu, maana kabla picha hazijatoka walikuwa wameshagombana. Ndiyo maana nilipoanza kupiga picha wadudu nafsi ilitulia. Yule buibui mdogo arukaye ukutani ana macho manane, na hakuna hata moja lililowahi kuniuliza picha zitatoka lini.

Watu hudhani ukitaka kumpiga mdudu kwa karibu lazima uwe na lenzi ya bei ya ng'ombe. Si lazima. Unachukua lenzi ile ile iliyokuja na kamera, unaigeuza nyuma mbele, unaishikisha kwa ringi ya bei ndogo, basi: iliyokuwa ikiusinyaza ukumbi mzima uenee pichani sasa inamkuza sisimizi. Tabu ni kwamba kamera haiitambui tena lenzi yake, kwa hiyo kufokasi ni kazi ya kiuno chako. Unamsogelea mdudu hadi sentimita nne hivi, na sehemu inayoonekana safi haifiki hata milimita moja. Jicho likikaa sawa, kipapasio kimefifia. Ukivuta pumzi, umempoteza. Mpiga picha wa wadudu basi ni mtu mzima aliyeziba pumzi, makalio juu, anajisogeza mbele na nyuma taratibu mbele ya jani, na watu wanapita.

Ami yangu ana shamba la mikarafuu upande wa Konde, Pemba. Msimu ule karafuu ziliitika kweli kweli, akapiga simu Unguja kutafuta mikono. Nikaenda na mikono miwili na begi la kamera. Alilitazama begi, akakohoa. Ami si mtu wa maneno mengi. Akiridhika hunyamaza, akikasirika hukohoa.

Mchuma karafuu yeyote atakwambia adui yake si urefu wa mti. Ni maji moto, wale chungu wekundu wa juu mitini. Hawana mwiba, lakini huhitaji kuwahurumia kwa hilo: wanakung'ata kwa mataya, kisha wanapinda tumbo na kukunyunyizia tindikali pale pale palipochubuka. Wachumaji huwatukana kwa maneno ambayo siyaandiki. Kwenye minazi, hata hivyo, mambo hugeuka, kwa sababu kuna mdudu mmoja anayefyonza vidaka, zile nazi changa, vikapukutika, na penye maji moto yule hapati nafasi. Mwingereza M. J. Way aliwachunguza chungu hawa hapa hapa Zanzibar, utafiti wake ukachapishwa mwaka 1954. Yule mharibifu wa nazi hata akapewa jina la kitaalamu kutokana na la kwake, Pseudotheraptus wayi. Hebu fikiri: unahangaika juani na kung'atwa, halafu shukrani yako ni mwizi wa vidaka kuitwa jina lako.

Mimi nilichokitaka ni ushonaji wao. Maji moto hujenga nyumba kwa majani mabichi. Wanajipanga safu, miguu imekamata ukingo wa jani hili, mataya yameuma la pili, wanavuta. Mwanya ukiwa mkubwa, mmoja humkamata mwenziwe kiuno, na wa tatu humkamata wa pili, mpaka mnyororo unafika ng'ambo. Majani yakigusana ndipo wanapoletwa watoto. Chungu mkubwa hana uzi hata wa dawa. Hariri anayo buu. Basi anambeba buu mdomoni, anamgusisha huku, anamgusisha kule, kama fundi anayepitisha bomba la gundi, na nyuma yake unabaki utando mweupe. Nyumba nzima inashonwa na watoto ambao hata kutembea hawawezi. Picha hiyo niliiota.

Ila chungu hatulii. Robert Hooke, mwanasayansi wa Kiingereza aliyetoa Micrographia mwaka 1665, kitabu cha michoro ya hadubini chenye picha kubwa ya kiroboto ya kukunjuliwa, alisumbuliwa na jambo hilo hilo: umchore vipi kiumbe asiyesimama? Ameeleza mwenyewe kwamba alimpa chungu wake brandi, chungu akalewa chakari, naye akachora kwa raha zake. Mimi nilikuwa Konde. Brandi ningeitafuta wapi, na hata ningeipata, ningemwambia nini ami? "Si yangu, ami, ni ya chungu"? Levon Biss, mpiga picha wa Kiingereza ambaye maonyesho yake yalikuwa Oxford mwaka 2016, picha yake moja ya mdudu imeunganishwa kutoka maelfu ya picha. Lakini wadudu wake walikuwa wa makumbusho, wamekufa siku nyingi, na maiti hakupandi mkononi. Kwangu ilibaki hila ya maskini: kuwawahi alfajiri, ubaridi ungalipo, damu haijawachemka.

Halafu mwanga. Mwili wa maji moto unang'aa, ukimpiga flashi kavu anatoka na doa jeupe mgongoni. Panatakiwa kitu cheupe mbele ya flashi, mwanga usambae. Mifuko ya plastiki Zanzibar ilishapigwa marufuku zamani. Karatasi ililoa umande. Alhamisi usiku nikaiona kofia ya viua ya ami, imefuliwa, imetiwa kanji, imesimama juu ya faruma, kile kinyago cha kuitengenezea umbo, inasubiri Ijumaa. Watu wengine wangeona kazi ya mkono ya miezi, tundu kwa tundu. Mimi niliona kitambaa cheupe kigumu chenye matundu mengi yanayopitisha mwanga. Nikaingia nayo ghalani, nikapiga picha za majaribio kwenye magunia ya karafuu kabla sijaigeuza lenzi, kisha nikaigeuza nikampiga kombamwiko mmoja aliyekuwa juu ya gunia. Wallahi, hakuna kifaa cha dukani kilichowahi kunipa mwanga laini namna ile. Kombamwiko alitoka mtu wa heshima.

Baada ya swala ya alfajiri nikaegemeza ngazi. Giza lilikuwa halijaisha vizuri, na mkarafuu ukaanza kumetameta ndani kwa ndani. Mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo alisoma Ayatul Kursiy kwa sauti mpaka akapotea kwenye kona. Sikumlaumu, Pemba hii. Maji moto wa kwanza aliniuma kwenye kidole, wa pili shingoni, nikaziba pumzi, nikasogea nusu ya nusu ya milimita, na pale pale akatokea yule niliyemtaka, buu mdomoni, hariri inang'aa. Nikabonyeza. Sauti ya flashi au pumzi yangu, sijui ni ipi iliyowaudhi, lakini tawi zima likanigeukia. Nilishuka ngazi bila kutumia ngazi. Shati nililivulia njiani. Kofia niliikung'uta, nikaikung'uta tena, nikairudisha kwenye faruma, nikaenda kujimwagia maji ya kisima. Kofia ya viua ina tabaka mbili za kitambaa, na baina yake mna nafasi ya kutosha kwa mwenye kutaka kujificha.

Asubuhi hiyo mwana wa ami alipeleka magunia kwenye kituo cha kununulia karafuu. Mchana tukaenda msikitini, ami mbele na kanzu yake inanukia udi, mimi safu ya nyuma yake.

Kabla ya khutba muadhini alisimama akasoma ile hadithi inayosomwa kila Ijumaa: ukimwambia mwenzio "nyamaza" naye imamu anahutubu, umefanya laghwi, yaani upuuzi. Msikiti ukatulia kimya. Khatibu akapanda mimbari, akahimidi, akaanza kuzungumzia magendo ya karafuu. Kwa asiyejua Pemba: karafuu ni ya kuuziwa serikali, lakini Mombasa si mbali, bahari haina mlango, na usiku majahazi hayapigi honi. Khatibu alikuwa mkali. "Mnawajua," alisema. "Mnaswali nao."

Ndipo joto la kichwa cha ami lilipowaamsha wageni.

Kwenye kiua kimoja, kisogoni, kilitoka kipapasio. Kikapima hewa. Kikatoka cha pili, kisha kichwa chote, chekundu, kimezungukwa na uzi mweupe pande zote, mwanga wa dirishani unamwangukia ubavuni laini, nyuma yake weupe mtupu. Alisimama. Nasema alisimama, kitu ambacho tangu niwajue maji moto sijawahi kukiona. Hata Hooke na brandi yake hakupata mkao ule. Na kamera nimeiacha nyumbani kwa heshima ya msikiti.

Wa pili alitokea karibu na sikio. Wa tatu sikumwona akitoka, nilimwona ami akimhisi. Mabega yalipanda. "Magendo!" alisema khatibu, na ami akaruka kidogo pale alipokaa. Mzee wa kuliani kwake akageuza macho bila kugeuza shingo. "Wanatoka usiku kwa usiku!" Ami akakohoa. Kwa sisi wa nyumbani kikohozi kile kilikuwa na maana yake. Kwa msikiti mzima kilikuwa na maana nyingine. Jasho likaanza kumtoka, akajifuta, akajikuna nyuma ya sikio, akarudisha mkono haraka maana huko nako wapo. Mzee wa kuliani akajivuta pembeni kidogo. Wa kushoto naye.

Mimi niliyejua ukweli mdomo wangu umefungwa na hadithi sahihi. Nilinyoosha kidole nimpanguse mmoja, akanipanda mimi.

Khatibu naye binadamu. Anahutubu kila wiki watu wanasinzia, leo anamwona mzee mzima anatetemeka kwa maneno yake, uso umekuwa mwekundu. Alifunga karatasi aliyokuwa anaisoma akaendelea kwa kichwa. Alitaja adhabu. Alitaja majahazi. Ile khutba ya pili, ambayo siku zote ni fupi, siku ile ilikuwa ndefu kuliko ya kwanza, na yote alimhutubia ami.

Kwenye swala ndipo maji moto walipogawanywa kwa haki. Ami alipokwenda kusujudu walimwagika kwenye mkeka wakaanza kutafuta wa kumuuma, kulia na kushoto. Nyoka na nge imepokewa kwamba wanauliwa hata ndani ya swala. Maji moto hawakutajwa, kwa hiyo safu nzima ya mbele ilimaliza rakaa ya pili kwa ijtihadi, kila mtu na mguu wake. Imamu alipotoa salamu ami aliivua kofia akaitupa dirishani. Wachache waliona. Wengi walikuwa wameshatoka na walichokiona kwenye khutba.

Alasiri haijaingia, Konde yote ilijua kwamba ami anauza Mombasa. Wengine walijua na jina la jahazi. Mke wa ami aliisikia dukani, akarudi bila sukari. Na baada ya alasiri akaja sheha, kiongozi wa serikali wa pale mtaani, na sheha hakuja kwa ukali, jambo lililotutisha zaidi. Alisalimia, akauliza habari za watoto, akasifu mwembe, akasema amepita tu, na kwa kuwa amepita, si vibaya akichungulia ghala. Ghala lilikuwa tupu, limefagiliwa.

"Karafuu mmechuma?"

"Tumechuma, sheha. Zimekwenda kituoni asubuhi."

"Alhamdulillahi," alisema sheha, kwa sauti ya mtu anayeandika moyoni.

Ami akanigeukia. "Mwanangu, lete hiyo kamera yako."

Nikaleta. Tukakaa barazani, ami kulia, sheha katikati, mimi nabonyeza. Nilianza na ile ya buu na hariri, nikaikuza mpaka nywele za mguu wa chungu zikaonekana. Sheha akavaa miwani. Aliuliza kama yule mtoto analiwa. Nikamweleza kuhusu uzi, kuhusu mnyororo, kuhusu ile tindikali, kisha nikamwonyesha mkono wangu uliovimba, na ami akainamisha kichwa akamwonyesha kisogo. Sheha alikigusa kwa kidole kimoja. Akaanza kucheka, kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, mpaka akavua miwani akajifuta macho. Alisema atakwenda kuwaeleza watu mwenyewe. Ami akanyamaza, nikashukuru Mungu.

Ilikuwa imekwisha. Sheha tayari amevaa kiatu kimoja. Lakini kamera alikuwa bado anayo mkononi, na kidole chake kilikuwa kimeshakijua kile kitufe, akawa anarudi nyuma picha kwa picha kwa kuburudika. Maji moto, jani, kidole changu, giza, kombamwiko.

"Masha-Allah, kombamwiko," alisema. Akabonyeza tena. Akaivaa miwani upya. "Na haya magunia yaliyojaa mpaka darini, usiku, ni ya wapi?"

Ami aliinuka kwenda ndani kutafuta risiti za kituoni. Njia ya ndani ni pana, watu watatu wanapita wakiwa wamebeba kitanda. Alipitia juu ya mguu wangu.