Nani Kaulizia Laini Yangu?

Kaa nusu saa kwa wakala yeyote wa fedha karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, hutakosa kukutana na mtu aliyelizwa. Alikuwa anadaiwa kodi ya chumba, ujumbe ukaingia: "Ile hela itume kwenye namba hii." Akatuma. Sasa anachotaka ni polisi waifungue namba ile, waone ni ya nani na hela imetolewa wapi. Mweleze mtu huyo habari za faragha, uone atakavyokutazama.

Nimeanza naye makusudi, maana sisi tunaotetea faragha huwa tunamruka. Hela ya utapeli hutolewa ndani ya dakika chache. Ukisubiri hakimu aingie ofisini Jumatatu, aliyekuibia Ijumaa jioni keshatupa laini. Ndiyo hoja ya wanaokipenda kifungu cha 32 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kinachompa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye data inayohitajika kwenye upelelezi aitoe. Amri anaiandika mwenyewe na kuisaini mwenyewe. Hakimu hayumo.

Hoja hiyohiyo ilitupeleka kwenye usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019. Foleni za NIDA, za kusaka kitambulisho cha taifa, za wakati ule nani kazisahau? Tarehe ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza siku 20. Vidole tukatoa, na matapeli bado wapo. Taarifa za kila robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa vinara wa utapeli huo. Tapeli hahitaji kidole chake. Anahitaji laini iliyosajiliwa kwa kidole cha bibi fulani aliyeambiwa na kijana anayesajili laini chini ya mwamvuli, "haijasoma, bibi, weka tena." Kwa hiyo dola imepata daftari letu sote, na aliyekusudiwa ndiye anayejua kulikwepa. Sisemi daftari halina faida. Nasema bei yake tumelipa sisi tusiokuwa na hatia.

Kuna wazee watakaokujibu kwamba kufuatiliwa si jambo geni. Tangu enzi za TANU tuna balozi wa nyumba kumi. Mgeni akilala kwako, anajua kabla ya chai ya asubuhi. Kweli kabisa. Lakini balozi nilimjua jina, nilijua mwarobaini anaokaa chini yake jioni, na yeye pia alituma mtoto kwangu kuomba chumvi. Akinichongea, nilikuwa na pa kwenda kuuliza. Rekodi za simu zinamshinda balozi kwa mbali: nimempigia nani, saa ngapi, nikiwa karibu na mnara upi. Anayezisoma simjui, wala sitajua kama amezisoma.

Na mji huu una sababu yake ya kuliogopa jambo hili. Tarehe 7 Septemba 2017, Tundu Lissu, wakati huo mbunge wa Singida Mashariki, alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Area D. Miaka saba baadaye, Septemba 2024, gazeti la The Guardian la Uingereza liliripoti ushahidi uliotolewa kwenye shauri la kazi jijini London, lililofunguliwa na mpelelezi wa zamani wa Millicom, kampuni iliyokuwa ikiumiliki mtandao wa simu wa Tigo. Ushahidi ulieleza kwamba katika wiki zilizotangulia shambulio, taarifa za simu za Lissu na mahali alipo zilikuwa zikipelekwa kwa mamlaka za Tanzania saa 24. Hilo halithibitishi kwamba waliofyatua risasi walizitumia. Linaonyesha kwamba mhusika mwenyewe alikuja kulijua kupitia ugomvi wa ajira ya mtu mwingine, nchi nyingine. Lisingekuwepo shauri hilo, pengine tusingelisikia mpaka leo.

Utaambiwa sheria sasa ipo. Ndiyo, ipo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikubali kwamba baadhi ya vifungu vyake havieleweki, ikataka virekebishwe. Ni sheria nzuri dhidi ya duka au programu ya mikopo inayouza namba yako. Ikifika kwenye usalama wa taifa na upelelezi wa makosa, inapisha njia. Na hapo hasa ndipo Ibara ya 16 ya Katiba, inayohifadhi mawasiliano binafsi ya kila mtu, ilipohitaji msaada.

Mimi sitaki polisi wafungwe mikono. Panapo haraka, mkuu wa kituo aandike amri yake, kisha jalada limfikie hakimu ndani ya saa 48 aikubali au aifute. Mwanasheria mmoja rafiki yangu anacheka nikisema hivi. Anasema mahakimu watagonga mihuri tu. Inawezekana. Ila muhuri wa hakimu una jina na tarehe, na rufaa huanzia hapo.

La pili ni jepesi zaidi. Nikipiga *106# naona laini zilizosajiliwa kwa namba yangu ya NIDA. Mfumo unaoweza kunionyesha hilo unashindwaje kunionyesha, miezi sita baada ya jalada kufungwa, kituo kilichoomba rekodi zangu na siku kilipoziomba? Yule aliyelizwa pale Majengo hatapungukiwa kitu. Tapeli wake atakuwa keshakamatwa, au keshapata kidole cha bibi mwingine.