Zinj wa Olduvai: mvunja kokwa au msaga nyasi?

Fuvu aliloliona mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey pale Olduvai, Tanzania, tarehe 17 Julai 1959 lina magego makubwa mno, enameli (tabaka gumu la nje la jino) nene, mashavu yaliyotanda mbele hadi uso ukawa kama sahani, na ukingo wa mfupa juu ya utosi iliposhikilia misuli ya kutafunia. Ubongo haukufika nusu ya wetu. Kiumbe huyo, jamaa wa kale wa binadamu aliyeitwa kwanza Zinjanthropus na sasa huitwa Paranthropus boisei, akabandikwa jina la mvunja kokwa.

Hoja hiyo si ya kupuuzwa: mwili haubebi misuli mizito namna ile bure. Ila taya huonyesha uwezo tu, si kilicholiwa. Kokwa ngumu huacha vishimo juu ya gego, na magego ya boisei saba yaliyotazamwa kwa hadubini mwaka 2008 hayakuwa na vishimo vya aina hiyo, bali mikwaruzo myembamba. Watetezi wa kokwa hujibu kwamba alama hizo hufutika ndani ya siku au wiki chache, hivyo huenda kokwa zililiwa msimu wa njaa tu. Sawa.

Lakini kemia ya enameli haifutiki. Hufungwa jino linapoundwa utotoni. Hukwanguliwa miligramu chache za unga, ikapimwa kaboni-13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida. Majani, matunda na kokwa za miti huwa nayo kidogo, nyasi za nchi za joto na mafunjo huwa nayo zaidi. Meno 24 ya Kenya, ambayo matokeo yake yalitoka 2011, yalitoa wastani wa asilimia 77 ya chakula cha kundi hili la pili. Hata sokwe wa savana hawakaribii hapo.

Kwa hiyo kokwa zimeshindwa, ingawa kipimo kina mwanya wake: hakitofautishi jani la nyasi na kijiazi cha ndago, mmea wa jamii ya mafunjo, wala na nyama ya mnyama aliyekula nyasi. Nyama tuiweke kando, maana magego mapana yaliyolika bapa hayakati minofu. Ndago ndiyo inayonishawishi. Kijiazi chake ni kidogo, kigumu, kina wanga, na kushiba kwacho ni kazi ya kutafuna kutwa nzima. Kazi hiyo hudai taya la kusaga bila kuchoka, na fuvu lile lingeifaa vilevile.

Kikwazo ni mchanga. Anayepalilia shamba lenye ndago anajua unavyong'ang'ania vijiazi, na mikwaruzo ya boisei ni hafifu mno kwa mla udongo wa kila siku, labda kama alivisuuza kwanza kwenye chemchemi.