Simu imeuona mgongo, gunia haijaliona

Juma lililopita nilikuwa bandarini Kibirizi, Kigoma, namsubiri mtu wangu wa dagaa, nikamkuta kijana wa usalama kazini akiwarekodi makuli kwa simu. Programu inachora mistari juu ya mwili: bega, nyonga, goti. Mgongo ukiinama sana, mstari unakuwa mwekundu. Akamwita mzee mmoja aliyekuwa anapakia saruji botini. "Shikamoo mzee. Ukiokota mzigo, kunja magoti, mgongo uwe wima." Mzee akaitikia marahaba, akajifuta jasho, akarudi kwenye mifuko.

Nimeshindwa kuisahau ile marahaba. Marehemu baba yangu alikuwa mbebaji, na miaka yake ya mwisho alikuwa hainuki kitandani bila kushikwa mkono.

Mfuko wa saruji ni kilo 50. Kanuni ya kuinua mizigo ya NIOSH, taasisi ya usalama kazini ya Marekani, iliyorekebishwa 1991, inaanzia kilo 23, tena hapo mzigo uko karibu na mwili, usawa wa kiuno, na mtu hajajipinda. Ukiwa chini au mbali na mwili, kilo zinapungua zaidi. Mzee yule anabeba zaidi ya mara mbili yake, juu ya ubao uliolowa. Magoti yatamwokoa na nini?

Programu kama MediaPipe inatafuta pointi 33 mwilini mwa mtu. Gunia halimo. Kamera inapima pembe, kilo haizijui mpaka mtu aziandike. Aliyebeba kiroba cha pumba na aliyebeba lumbesa ya mahindi, wakiinama sawasawa, kwake ni wamoja. Na mzigo ukishakaa begani unaziba shingo, programu inakisia tu.

Haya, nakubali: simu inaishinda karatasi. RULA, njia ya kukagua mkao wa mfanyakazi kwa fomu ya karatasi, ilipotoka mwaka 1993, mkaguzi alikadiria pembe kwa macho, kalamu mkononi. Leo video ya dakika kumi inahesabu mtu kainama mara ngapi, na tajiri hawezi kubisha. Basi ushahidi huo apelekewe tajiri, asikaripiwe kuli. Na makuli waombwe ruhusa kabla ya kurekodiwa. Sheria ya taarifa binafsi tunayo tangu 2022.

Mdogo wangu, kazi yako naiheshimu. Ukirudi Kibirizi, njoo na mizani. Pima mfuko, pima lumbesa, rekodi na ule ubao. Kisha kaa na wale wazee, watazame video yao wenyewe, uwaulize wapi panauma.