Taima za kerneli: Rust imeleta ugumu, au imeufichua tu?

Taima ndani ya kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo wa kompyuta, ni kama bodaboda uliyemwagiza aje saa kumi kamili kuchukua mzigo sebuleni, ukampa na ufunguo. Saa tisa ukahama, nyumba ikapangishwa mtu mwingine, na bodaboda hukumwambia. Saa kumi atakuja, atafungua na kubeba atakachokikuta. Katika C, lugha ambayo sehemu kubwa ya kerneli imeandikwa nayo, hiyo ndiyo kumbukumbu iliyokwisha kuachiliwa, kisha funksheni ya taima, yaani kazi inayotekelezwa muda ukifika, ikaigusa. Wadukuzi wanapenda sana mwanya wa namna hii.

Linux 6.15, iliyotoka Mei 2025, ilileta tabaka la Rust, lugha iliyoundwa kuzuia makosa ya kumbukumbu ya namna hii, juu ya hrtimer, zile taima za usahihi mkubwa. Wanaolipinga wana hoja. Ukilisoma unakutana na treiti (masharti ambayo aina ya data lazima iyatimize) juu ya treiti, pointa (anwani za kumbukumbu) zilizobanwa ili muundo, yaani kifurushi cha data chenye taima, usihamishwe, na handeli (kitu unachopewa cha kuisimamia taima iliyoanzishwa) tofauti kwa kila namna ya kuushika muundo. Yote hayo kwa jambo ambalo mwana-C analimaliza kwa hrtimer_start ya kuanzisha na hrtimer_cancel ya kufuta! Tena, kiolesura cha C kikibadilika, nani atarekebisha upande wa Rust? Hili la pili si dogo, na limewagombanisha watunzaji wa kerneli waziwazi.

Lile la ugumu ndilo silikubali. Mistari miwili ya C ni mifupi kwa sababu masharti yake yamebaki kichwani mwa mtu: usiachilie muundo kabla hujafuta taima, usiuhamishe, maana taima imepachikwa ndani yake na kerneli inaikumbuka kwa anwani. Wakongwe wenyewe wamejikwaa hapa. Kwa taima za kawaida, draiva (programu inayoendesha kifaa) ilifuta taima vizuri kabisa, kisha sehemu nyingine ya draiva hiyohiyo ikaiwasha upya. Ndiyo maana Linux 6.2, mapema 2023, ilikuja na timer_shutdown_sync, inayoizima taima isiweze kuwashwa tena.

Pigo wanalolipenda wakosoaji ni mem::forget, amri ya Rust ya kukiacha kitu bila usafishaji wake wa mwisho kufanyika. Katika Rust, handeli ikifika mwisho wa maisha yake hufuta taima yenyewe. Lakini mem::forget inaruhusiwa bila neno unsafe, ambalo mwandishi huliweka akikubali kubeba dhamana ya usalama mwenyewe, na handeli iliyosahauliwa haifuti kitu. Ni kweli. Rust iliungua hapohapo mwaka 2015, karibu na toleo la 1.0, ikalazimika kuachana na thread::scoped ya wakati huo, njia ya kuendesha kazi sambamba iliyotegemea usafishaji huohuo.

Ila waliojenga tabaka hili walilijua hilo, na hapa ndipo kazi yao haisomwi vya kutosha. Muundo ukiwa ndani ya Arc, kasha linalohesabu wanaolishika na kuachilia kumbukumbu hesabu ikifika sifuri, handeli inashika hesabu yake moja ya Arc hiyo. Ukiisahau, hesabu haishuki, kumbukumbu haiachiliwi, na bodaboda akija anakuta nyumba ileile na mwenyewe yumo. Hasara ni kumbukumbu iliyovuja, basi. Rejeleo tupu lililobanwa, yaani anwani isiyomiliki muundo, halina kinga hiyo: kusahau handeli kungeiacha taima ikielekeza kwenye staki, kumbukumbu ya muda ya funksheni, ambayo sasa ina mambo mengine. Kwa hiyo kuianzisha hivyo kumewekewa unsafe. Asiyetaka unsafe anapitisha kloja, kipande cha msimbo anachokikabidhi kiendeshwe: taima inaanza, kazi yako inafanyika ndani, na kabla hujatoka taima imeshafutwa. Handeli hupewi mkononi kabisa. Utasahau vipi usichopewa?

Kinachobaki ni kufuli, lile linaloruhusu mmoja tu kugusa data kwa wakati, na hapa nawapa wapinzani haki yao. Handeli ikifa umeshika kufuli ambalo funksheni ya taima inalihitaji, hrtimer_cancel itaisubiri funksheni, nayo funksheni itakusubiri wewe. Kompaila, programu inayokagua na kutafsiri msimbo, haitakuonya, kwa kuwa Rust haihesabu kukwama kwa namna hiyo kuwa kosa la kumbukumbu. Ubaya zaidi, hakuna mstari ulioandikwa cancel. Kufuta kumejificha kwenye bano la kufunga, pale handeli inapofia. Mwana-C angalau analiona neno lenyewe.

Hata hivyo mashine iliyoganda hujitangaza, kumbukumbu iliyochafuliwa hunyamaza miezi. Nikipitia draiva ya C, kila mahali muundo unapoachiliwa narudi nyuma kutafuta taima ilifutwa wapi, na na nani. Ya Rust, natafuta unsafe kwanza, kisha handeli zinazokufa kufuli likiwa mkononi. Orodha ya pili huwa ninaimaliza kabla chai haijapoa.